Bibi Harusi Aliyekalia Mahindi ya Shirika

Kasingirima, Ujiji
Novemba 1996

Kwa Bwana Anatoli,
Mkuu wa Usafirishaji wa Chakula cha Wakimbizi,
Gatini, Kigoma.

YAH: KUPINGA UHAMISHO WA MUME WANGU KWA SABABU YA BOTI ILIYOCHELEWA KUPAKULIWA

Mheshimiwa Bwana Anatoli,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni mzima kupita kiasi, kwa kuwa nimeolewa. Hii ni wiki ya tatu, na bado nikiamka nikaona viatu vya kiume kando ya vyangu nacheka peke yangu. Mwenye viatu hivyo ni Meshack, msimamizi wako wa makuli, yule mrefu anayechomeka kalamu sikioni. Samahani, unamjua. Ila sidhani kama umewahi kumtazama vizuri.

Barua yako ya Jumatatu inasema boti ya Mzee Feliksi, iliyokodiwa na shirika, ilikaa gatini siku moja zaidi ya muda wa kupakua uliokubaliwa. Kwamba kwa mkataba, kila siku inayozidi shirika humlipa mwenye boti fidia. Na kwamba aliyesababisha ni Meshack, kwa hiyo atahamishiwa Kagunga mwaka mzima. Bwana Anatoli, Kagunga hakuna barabara, kunafikika kwa maji tu. Na barua yako haikusema neno lolote kuhusu mke.

Nimemaliza kidato cha nne, hivyo nilimwomba Meshack aniletee nakala ya mkataba nikausoma mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amelaza kichwa mapajani mwangu, kwa hiyo haihesabiki. Mara ya pili nilielewa kila kitu, nami naleta hoja zangu kama ifuatavyo:

1. Chanzo ni wewe mwenyewe, nasema kwa heshima. Meshack aliomba likizo fupi aje kunichukua kwetu Mishamo, ambako wazazi wangu, waliokimbia Burundi mwaka 1972, wanalima. Ulimnyima, ukisema wakimbizi wapya ni wengi na boti haziishi. Hilo nalielewa, maana hata mimi nimekuzwa na mahindi ya mgao. Lakini ukaongeza, mbele ya makuli wote, "Mwache bibi harusi aje na mahindi. Si vyote vinakuja kwako?" Shirika ndilo lililokodi boti, na mkubwa wa shirika ndiye anayeagiza kipakiwe nini. Kuanzia neno hilo mimi nilikuwa mzigo halali.

2. Mahali nilipokaa sikupachagua. Kule Ikola tulipopakia, nahodha alitandika mkeka juu kabisa ya magunia, pale mlangoni pa kuteremkia chini, akasema hapo ndipo pasipolowana. Mimi nilikaa na shangazi yangu Honorata aliyekuwa akinisindikiza, tukaimba hadi Kigoma. Kwamba magunia yote yalikuwa chini yetu na hayana njia nyingine ya kutokea, hilo ni kosa la upangaji wa mzigo, na upangaji wa mzigo ni kazi ya boti.

3. Sasa nifikie jambo lenyewe. Katika ukoo wetu bibi harusi hakanyagi ardhi ya wakwe mpaka mama mkwe aje kwa miguu yake mwenyewe, amfunge kitenge kiunoni na kumshika mkono. Si shemeji, si jirani, wala si msimamizi wa makuli hata awe mzuri namna gani. Tulipofunga gati asubuhi, mama mkwe hakuwepo. Nikakaa. Ningefanyaje?

Makuli walijaribu kwa upole. Mmoja alisema, "Shemeji, sogea kidogo tu, tutoe hata gunia moja la kuanzia." Shangazi akamjibu, "Ukimsogeza wewe, umemwoa wewe. Una ng'ombe?" Yule kijana akarudi nyuma hadi akakanyaga ndoo. Mzee Feliksi akaja na saa yake mkononi, akamweleza shangazi kwamba boti yake inangojwa na wateja wa kusini na kila saa ni hasara. Shangazi akasema, "Baba, huyu si gunia. Gunia halina mama mkwe." Mzee Feliksi akaomba chai.

4. Mkataba unataka nahodha atoe taarifa kwa mpokeaji kwamba boti imefika na iko tayari kupakuliwa, na muda unaanza kuhesabiwa baada ya taarifa hiyo. Nahodha aliitoa ofisini kwako. Vema, kwa upande wa mahindi. Lakini mpokeaji wangu mimi ni mama mkwe, naye siku hiyo alikuwa Mwandiga akitafuta ndizi za karamu, wala hakuna mtu wa boti, wa shirika au wa bandari aliyemtumia taarifa. Alifika jua likizama, akiwa na mikungu sita na bila habari yoyote. Kwa kuwa mzigo wa juu haukuwa na taarifa, muda wa mzigo wa chini haukuanza. Nimelipima jambo hili pande zote na sioni pa kulivunjia.

5. Isitoshe, mkataba unasema saa za mvua hazihesabiwi. Mchana wa siku hiyo yalidondoka manyunyu. Naapa yalidondoka, kwa sababu Meshack alikuwa amesimama gatini akinitazama tangu asubuhi, nami niliona matone kwenye kope zake. Kama wewe ulikuwa ndani na hukuyaona, si kosa la mvua.

6. Hakuna aliyelala njaa. Meshack anasema ghala lilikuwa bado na mahindi ya safari mbili zilizotangulia. Tena wakimbizi waliokuwa wamekaa pwani wakingoja malori walipoona kitenge kikifungwa, akina mama walipiga vigelegele hadi walinzi wakatoka nje. Mmoja wao aliniambia kwa Kirundi kwamba tangu avuke ziwa hajacheka, na leo amecheka. Katika mkataba wako sijaona sehemu ya kuandika faida, iko ya ucheleweshaji peke yake. Naona ni upungufu mkubwa.

7. Hivyo ile siku iliyozidi si ucheleweshaji hata kidogo. Ni likizo ya Meshack, ile uliyomnyima, iliyochukuliwa na boti kwa niaba yake. Na kwa kuwa likizo ya mtumishi ni haki, naona Mzee Feliksi ndiye anayepaswa kulishukuru shirika kwa kupumzishiwa boti.

8. Naomba basi mambo matatu. Uhamisho ufutwe. Mkataba ujao, pale paliposemwa kwamba siku za mvua na Jumapili hazihesabiwi, paongezwe maharusi. Na Meshack aandikiwe barua ya pongezi, kwa sababu mwanaume aliyesimama juani na kwenye manyunyu kutwa nzima bila kumgusa mkewe, huku mkubwa wake akimfokea dirishani, ni mtumishi anayejua kuutunza mzigo.

Bwana Anatoli, ndoa yangu ni changa. Sijajua bado anapenda chumvi kiasi gani. Ukimpeleka huko mbali mwaka mzima, nitajifunza kwa nani?

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, karani wako na walinzi wote wa geti. Makuli wape salamu za pekee, na yule wa ndoo mwambie shangazi amemsamehe. Mzee Feliksi naye nisalimie, mwambie boti yake haiyumbi na mkeka wake tutaurudisha.

Ni mimi mwenye furaha na malalamiko kwa pamoja,

Astérie Iradukunda,
Mke wa Meshack.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha amepita Martini wa ghalani. Anasema kituo cha Kagunga kina nyumba ya mtumishi, vyumba viwili na jiko lake, na mtumishi anaruhusiwa kwenda na mkewe. Sikulijua hilo. Hapa Kasingirima tunalala chumba kimoja na shangazi Honorata, ambaye karamu iliisha, ndizi ziliisha, na yeye bado yupo. Kwa hiyo naomba ufute hoja ya kwanza hadi ya nane. Nimetafakari upya na naona kosa ni la Meshack peke yake, tena ni zito. Angeweza kutuma mtu kwa baiskeli hadi Mwandiga mapema asubuhi, hakutuma, alikuwa ananiangalia. Adhabu ya mwaka mmoja ni huruma mno, ifanywe miaka mitatu. Tumeshafunga mizigo. Na kule Kagunga usipate wasiwasi wowote kuhusu muda wa kupakua: nitaruka mwenyewe kabla hawajafunga kamba.