Jalada la Bwana Swalehe

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Nimefungua jalada jipya. Jina: SWALEHE – ROBOTA. Nimelitoboa na kulifunga kwa kamba ya kijani, kama tulivyofanya masijala. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa masijala katika ofisi ya ushirika hapa Songea, hadi tulipopunguzwa kazi mwaka juzi. Wenzangu walichukua viti. Mimi nilichukua taipureta. Sijajuta hata siku moja.

Hali ya deni. Mwezi wa kumi mwaka jana nilikopa kwa Swalehe robota la makoti ya mitumba. Hesabu ilikuwa safi: Songea kuna baridi. Kumbe mwezi wa kumi ni joto. Baridi ilipofika, makoti yote yakaisha kwa siku nne. Yalichukuliwa na ndugu zangu, kwa mkopo. Nadaiwa shilingi 38,500.

Duka la Swalehe liko sokoni, dakika kumi kwa miguu, na anayeliendesha ni dada yake, Mwanaheri. Lakini Swalehe mwenyewe anakaa Nakapanya, kule Tunduru. Barua nimeipeleka huko! Enzi zetu barua ya Tunduru ilijibiwa baada ya miezi mitatu, na masika ikikata barabara, sita. Deni lilikuwa linalala jaladani kwa amani, na watu wanasalimiana vizuri njiani. Nimechapa: Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa. Yeye hajaniandikia barua yoyote. Haidhuru. Ndivyo zinavyoanza.

Alhamisi, 4 Agosti
Jibu limefika. Siku tatu! Nilisahau kwamba huu ni Agosti, barabara ni kavu, na malori siku hizi ni ya watu binafsi, yanakimbia kama yameiba.

Halikuja kwa posta. Amelileta Mwanaheri mkononi. Ni barua yangu ileile, na nyuma yake Swalehe ameandika kwa kalamu: Malizana na dada. Hakuna kumbukumbu namba. Hakuna Yahusu. Hata tarehe hakuna. Hawa watu wa biashara huria hawana adabu ya karatasi.

Mwanaheri aliuliza nitalipa lini. Nikasema suala linahitaji kikao. Akauliza kikao cha nani. Nikasema mimi na mke wangu. Lukresia akajibu kutoka jikoni kwamba hana taarifa ya kikao chochote.

Nimepewa hadi Jumapili.

Ijumaa, 5 Agosti
Nimepata! Mwanaheri ni Myao, mimi ni Mngoni. Watani! Namkumbuka marehemu baba. Kwenye msiba wa babu, mtani mmoja alimshika jogoo wetu mkubwa akaondoka naye, na baba akacheka mpaka machozi. Mtani humkasirikii. Kwa nini basi umdai?

Nimechapa Kumb. Na. SW/3: "Kwa kuzingatia utani wa jadi baina ya makabila yetu, naomba suala la robota lihesabiwe kuwa ni utani." Sahihi. Muhuri sina, nimechora. Nakala jaladani. Nimeipenyeza chini ya mlango wa duka wakati wamefunga kwa ajili ya sala.

Lukresia ameisoma nakala. Ameniuliza kama nina homa.

Jumapili, 7 Agosti
Tumetoka misa, tumemkuta Mwanaheri kibarazani, kwenye kiti changu, anamenya muwa wangu. Amesema amekuja kwenye utani, kama alivyoalikwa kwa barua. Majirani wakaanza kusogea.

"Babu zenu walikuja toka kusini wakachukua vya watu kwa mkuki," alisema. "Wewe unachukua kwa karatasi. Afadhali mkuki, mtani, mtu anauona ukija."

Majirani walicheka. Nami nikacheka, ndiyo sheria. Kisha akaingia ndani, akatoka na taipureta yangu kichwani.

Nikamwambia hiyo siyo utani, hiyo ni mali. Akafungua fundo la kanga, akatoa barua SW/3, akamwomba Lukresia aisome kwa sauti. Lukresia aliisoma vizuri mno, mpaka na muhuri. Kitu kikishikwa na mtani hukinyang'anyi. Unakikomboa. Hilo kila mtu analijua, hata mimi.

"Ukombozi wake," alisema Mwanaheri, "elfu thelathini na nane na mia tano."

Mezani imebaki alama ya miguu minne kwenye vumbi.

Jumanne, 9 Agosti
Nyumba kimya. Nilikuwa sijui kwamba naishi kwa ile kengele ya taipureta ya mwisho wa mstari.

Masijala tulikuwa na taipureta sita. Saa nne asubuhi zote zilinyamaza pamoja. Tarishi Rupert analeta birika, tunakunywa chai juu ya majalada, na harufu ya tumbaku inaingia kutoka ghalani. Hakuna aliyekuwa na haraka. Hata waliotudai walikaa, wakanywa chai.

Leo wamekuja watu wawili kuchapiwa barua za maombi ya kazi. Nimewarudisha. Sina kazi nyingine, na mwandiko wa mkono hauna uzito wa chapa.

Lukresia amesema anakwenda dukani kuongea na Mwanaheri. Nikamshauri aombe kwanza nafasi kwa maandishi. Akajifunga kanga, akaenda.

Jumatano, 10 Agosti
Wamemalizana. Bila karatasi! Elfu moja kila Jumamosi, kutoka kwenye maandazi ya Lukresia. Tena jana hiyohiyo alipita kwa ndugu zangu akawadai fedha za makoti, na wanne wamelipa. Aliniuliza kwa nini mimi sikuwadai. Nikamweleza kwamba barua zao zilikuwa bado zinaandaliwa.

Na kuna jambo lingine. Mwanaheri amekuwa akiwasomea wateja barua zangu. Wanacheka, lakini wawili wameogopa chapa wakalipa madeni yao. Kwa hiyo amesema niende dukani, niwachapie wadaiwa wote wa Swalehe kwa taipureta yangu mwenyewe. Kila barua inapunguza deni kwa shilingi mia mbili. Deni likiisha, taipureta inarudi nyumbani.

Lukresia alinishika mkono. "Baba Aidan, usikope tena. Mimi nimechoka kukaanga."

Nimeahidi. Ahadi nimeiweka jaladani.

Jumamosi, 13 Agosti
Siku ya tatu kazini. Kengele inalia! Marobota yamepangwa ukutani kama majalada. Saa nne Mwanaheri ameleta birika, na nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Nimechapa barua kumi na moja, kwa alfabeti, siku saba za mwisho kwa kila mmoja. Kwenye K nimekuta jina langu. Karani hapendelei. Nimejichapia barua kali kuliko zote, nikaileta nyumbani mwenyewe kuokoa stempu.

Pia nimeona robota la mashati mepesi. Mwezi wa kumi utakuwa joto, safari hii nimelipigia hesabu!  Mwanaheri akasema basi taipureta itazeekea dukani, akaniandika tena kwenye daftari la wadaiwa. Robota liko kwa jirani. Lukresia hajui.

Barua niliyojiandikia nimeijibu usiku huuhuu. Imepokelewa na inashughulikiwa.