Charo Anakufa Alhamisi

Jumamosi, 2 Agosti 1986

Mwalimu wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima, ametuambia tuandike kila siku, hata mistari mitatu, mkono usisahau. Haya. Leo nina zaidi ya mitatu.

Mwanangu Charo amechukuliwa kwenye sinema! Amekuja mtu wa Nairobi anaitwa Gitau. Ana kamera moja, gari moja la kusukumwa, na vijana wawili wa kulisukuma. Anapiga picha ya polisi na wauza dawa za kulevya, hapa hapa Malindi. Charo ni askari kanzu. Anajifanya mnunuzi, anakula na wabaya, anacheka na wabaya, mpaka awajue wote. Wamejitokeza vijana kumi na wanne, akachaguliwa yeye kwa kuwa ndiye mwenye suti. Suti nilimshonesha mimi kwa fundi. Nimepiga vigelegele mpaka majirani wakadhani ameposa.

Kisha nikauliza mwisho wake ni nini. Akasema mwisho anapigwa risasi, anafariki. Alhamisi, saa nne asubuhi. Imeandikwa.

Nikakatiza vigelegele.

Baba yake nilimzika akiwa na miaka ishirini na sita. Charo ana ishirini na sita. Na kwetu sisi mtu hajilazi chini akajifanya maiti. Hayo si mambo ya kuigiza. Nimemwambia. Akanibusu kichwani, akaenda kupiga suti pasi.

Priscilla, tunayepanga naye ua mmoja, tayari ana habari zote. Mwanawe Joram ndiye mkubwa wa wauza dawa. Ana miwani myeusi. Ana maneno mengi kuliko Charo. Na hafi, anatoroka kwa boti ya mashine. Amenipa pole, hali anatabasamu. Pole gani ile.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeomba kanisani kwa sauti. Mchungaji akanitazama. Nikaona Mungu amesikia, lakini naye asaidiwe.

Mpango: tumbo. Nimeamka nikakanda mahamri, nikapika mbaazi za nazi, nikajitwisha mpaka kwenye ghala la zamani la pamba wanapopigia picha. Gitau alikuwa anakula mkate mkavu, maskini. Akala mahamri kumi na moja. Akanifanya mpishi wa sinema papo hapo.

Alipoegemea ukuta na kulegeza mshipi, nikamwomba kwa upole. Risasi isimpige begani? Au mguuni? Hata sikio, sikio halina kazi sana. Gitau anasema Kiswahili kama mtu anayevuka matope, lakini nilimwelewa. Anasema watu wanaingia sinema kulia. Pasipo machozi hakuna sinema. Charo ana uso mzuri wa kuliliwa.

Kweli anao. Ila ndiyo sababu sitaki.

Priscilla amekuja na mahindi ya kuchoma kumpelekea Gitau. Yameungua. Nilisogeza tu sahani yangu mbele.

Jumatatu, 4 Agosti

Mpango: bastola. Pasipo bastola hakuna risasi, pasipo risasi hakuna maiti. Mtu hahitaji shule kujua hilo.

Bastola yenyewe ni ya mti. Imechongwa na Musyoka, yule anayewachongea watalii twiga, ikapakwa rangi nyeusi. Nimeichukua juu ya boksi wakati wanasukuma gari. Nimeifukia chini ya makumbi ya nazi.

Wakaitafuta saa nzima. Gitau hakukasirika. Akasema basi, Joram atamwua kwa kisu, tena itatisha zaidi. Akaingia jikoni kwangu, akachagua kile kikubwa cha kukatia samaki. Kisu cha kweli! Joram, ambaye hawezi kumenya embe bila kujikata!

Dakika mbili hazikupita nikaipata bastola. Nikasema panya wa hapa wana mambo. Gitau akanishukuru sana. Anasema mimi ndiye mtu pekee makini katika kazi hii.

Dawa za kulevya za leo walinipa walipomaliza kuzipiga picha. Ni unga wa ngano kwenye mifuko ya nailoni. Nimepika chapati ishirini.

Jumanne, 5 Agosti

Charo anafanya mazoezi ya kufa uani. Anashika kifua, anapepesuka, anashika kamba ya nguo, anaanguka. Shuka za Priscilla zimeanguka naye mara tatu. Watoto wa jirani wanampa alama. Alipolala kimya vile mbele yangu, macho ameyafumba, nilimchapa kibao kabla sijafikiri.

Akakaa, akanitazama. Hakukasirika.

"Mama," akasema, "miaka minane nabeba sahani hotelini. Hakuna anayeangalia uso wangu, wanaangalia sahani. Siku moja tu niache nife watu wakinitazama."

Nilimpa chapati.

Lakini kufa asife. Nimefikiri, nikaona hapa panamtaka Kombe. Kombe ni kaka yangu, yuko Kaloleni. Akianza kusema, mtu yeyote hukubali ili apate kwenda zake. Aliwahi kumrudisha mpima ardhi na minyororo yake. Gitau atamweza nini?

Tatizo, Kombe haji. Harusi haji, ubatizo haji, Krismasi haji. Msiba tu ndio haujawahi kumpita.

Bahati, Kache muuza tumbaku alikuwa anarudi Kaloleni mchana. Nimempa ujumbe, akaurudia mbele yangu mara mbili: "Charo anakufa Alhamisi saa nne, Malindi, ghala la pamba. Kombe aje." Hakuna uwongo hata chembe. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi za Gitau. Sinema sikuitaja, Kombe haziheshimu.

Jumatano, 6 Agosti

Siku nzuri. Nimekuna nazi huku naimba. Priscilla amesema ananionea huruma, mtu mwenye kufiwa kesho kuimba leo. Nikamwambia tutaona. Akauliza tutaona nini. Nikasema tutaona tu. Hakupenda.

Joram amevaa ile miwani siku nzima, hata ndani ya ghala lenye giza. Amejigonga kwenye nguzo. Nimemwekea kitambaa cha maji usoni. Ni mtoto mzuri, mama yake ndiye shida.

Gitau ana wasiwasi. Mkanda uliobaki ni mchache, kifo cha kesho kitapigwa mara moja tu. Amemwonya Charo mbele ya wote: akishalala chini asitikisike, hata siafu wakimpanda, mpaka aambiwe. Charo akaapa.

Nimetandika jamvi la Kombe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nitaandika taratibu.

Saa nne ilifika, Kombe hakufika. Joram akanyoosha bastola. Kijana wa Gitau akagonga bati, pa! Charo akashika kifua, akapepesuka vizuri, akaanguka, akatulia. Sharubati nyekundu ikamtoka shatini. Nikafumba macho, nikaanza kuomba.

Ndipo nikasikia lori.

Sikumwita mtu ila Kombe. Wameshuka watu thelathini na mmoja. Wanawake wamejifunga leso viunoni, sauti za kilio zimeanzia barabarani. Wana sufuria. Wana magunia mawili ya unga. Wana mbuzi. Wana jeneza! Simeon, fundi wa mbao wa kule, alikesha akilipiga randa, kipimo kakitoa kichwani, Charo alivyokuwa na miaka kumi na sita. Fupi, lakini limenyooka.

Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo. Wifi yangu, mke wa Kombe, akanikumbatia, akanibana kifuani mwake, sauti yangu ikaishia kwenye leso.

Nilichoona kwa jicho moja ni hiki. Kombe amevaa koti lake jeusi. Amefika pale Charo alipolala, amepiga magoti kwenye sharubati. Kombe ambaye hakulia alipokufa baba yetu. Akamshika Charo uso kwa mikono miwili.

"Mwana wa dada yangu," akasema, "kila mwaka nilisema nitakuja kukuona. Nikasema mwaka huu minazi, mwaka huu mihogo. Sasa nimekuja, baba. Nimekuja."

Charo aliapa kutotikisika, hakutikisika. Lakini machozi nani anayafunga? Yakamtoka kwenye macho yaliyofumbwa, yakatiririka mpaka masikioni. Wifi akayaona. Akanyoosha kidole. Charo akashindwa, akaketi, akasema, "Shikamoo mjomba."

Sijawahi kuona ghala likiwa tupu haraka vile. Watu thelathini na mmoja, mbuzi, na vijana wote wa sinema. Musyoka, aliyekuja kuangalia bastola yake, aliruka dirishani. Jambazi mkuu Joram alipatikana chooni, miwani ndani ya shimo. Kombe alikimbia mpaka kwenye lori, akajifungia.

Gitau peke yake hakukimbia. Alikuwa analia nyuma ya kamera, kamera bado inazunguka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimesemwa tangu alfajiri. Kwa zamu. Nilikubali yote, nikawapa chai.

Kombe alikuwa wa mwisho. Aliniuliza kama najua nimewaliza watu wangapi. Nikasema thelathini na mmoja. Akasema thelathini na wawili, dereva wa lori pia. Nikainamisha kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli kijana ananywa chai saa hii. Nikasema yuko kikombe cha pili. Akageuka, akasafisha koo muda mrefu.

Kwa ukoo wetu, aliyeliliwa akiwa hai haachwi hivi hivi. Charo akasimama nje ya mlango. Mimi ndani nikamwita jina lake, na la baba yake, mara tatu. Mara ya tatu akaitika, akaingia, nikamlisha tonge la sima kwa mkono wangu kama mtoto mdogo. Nilitaka kuwa imara. Sikuwa imara. Priscilla naye alikuwa analia kwenye kamba ya nguo, nilimwona, akajifanya ni vitunguu.

Mbuzi akachinjwa. Kombe akamwita Gitau pembeni. Alianza saa nne, akamaliza saa nane. Mambo ya minazi, ya mpima ardhi, ya bei za mbao za jeneza, ya kijana kufa katikati ya watu wasio wa ukoo. Gitau akatoka ametota jasho.

Charo hafi! Kile kipande cha kuketi kinawekwa kwenye picha. Askari kanzu alijifanya maiti ili awanase wabaya, jinsi walivyokimbia ndio ushahidi. Na Kombe ni mkuu wa polisi, koti analo tayari. Amekaa uani anajifunza kukunja uso. Hahitaji.

Nimeshinda. Sijamwambia mtu, lakini hapa naandika. Nimeshinda!

Jumapili, 10 Agosti

Priscilla amekuja kwangu baada ya ibada, hata kofia ya kwaya hajavua. Akaketi kitandani, akashindwa kusema. Nikamshika mkono. Mara ya kwanza katika miaka sita.

Gitau amebadilisha. Anasema Charo akipona lazima mwingine afe, pasipo machozi hakuna sinema. Joram anapigwa risasi Jumanne, kwa kipande cha mwisho cha mkanda. Boti haipo tena. Joram mwenyewe amefurahi, anaanguka uani tangu jana.

Priscilla anasema usingizi hana. Anasema alinicheka, sasa anaelewa. Nikamwambia asijali, hiyo ilipita. Nikampa chai ya tangawizi, nikamfunika na leso yangu nzuri mpaka akasinzia.

Nimemtazama amelala mdomo wazi. Mwanamke yuko peke yake huku pwani, hana ndugu wa kumsemea. Kombe hatamsaidia, Kombe sasa ni mtu wa sinema, anamwambia Gitau pahali pa kuweka kamera.

Nikachungulia nje. Musyoka alikuwa anapita na begi lake, anapanda basi la saa saba kwenda kwao Ukambani. Ni kijiji kimoja na cha kina Priscilla! Nani amepanga haya kama si Mungu?

Nimemkimbilia bila viatu. Nimempa ujumbe, nikamrudisha nyuma aurudie mpaka ukanyooka. Nilitaka aseme Joram anakufa Jumanne. Halafu nikakumbuka kosa langu la wiki iliyopita: Kombe alichelewa, risasi ikawa imeshapigwa. Na Ukambani ni mbali zaidi. Nikarekebisha. Nimemwambia aseme amekwisha kufa.

Priscilla sijamwambia. Nataka awaone ndugu zake ghafla, afurahi.