Ombi la Kuhesabiwa Miongoni mwa Mayai ya Samoni

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwako mwenyewe,
Oregon.
Alhamisi jioni, Oktoba.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Wavuvi wa Mto Wilkes.

Mzee Toivo Harju,

Pokea heshima zangu, na pole kwa kikohozi, ambacho nasikia kupitia ukutani kwamba kimepungua.

Najua tunaishi nyumba moja na haya ningeweza kuyasema kwa mdomo. Nilijaribu jana. Ulikuwa umeinamia sinia la mayai ya samoni, ukanijibu bila kugeuka, "Kentaki, mwenye malalamiko aandike. Chama kinasikiliza karatasi, midomo hatusikilizi." Jina langu ni Delbert Skaggs. Kentaki ni kwetu nilikotoka mgodi wa makaa ulipofungwa. Lakini nimetii, naandika. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo mwandiko ukikukwaruza macho, vumilia kama ninavyovumilia mimi.

Nina haraka kwa sababu keshokutwa mke wangu Lorene anakuja kwa basi. Hatujaonana tangu nilipokuja kubeba mbao kiwandani hapa. Kwenye simu ameniambia, "Delbert, nakuja kuona unakoishi. Nikikuta pa mtu kukaa, nakaa. Nikikuta banda la bata narudi kwa mama, na simu yako sipokei tena." Mzee, nampenda yule mwanamke. Basi nimejaribu kuitazama nyumba hii kwa macho yake, na kila ninakogeuka naona mayai.

Simkatazi mtu kutengeneza chambo cha mayai cha kuvulia samoni. Mji mzima unatengeneza. Ukifika msimu huu, samoni jike akivuliwa hukatwa mashavu pale pale mtoni ili damu imtoke yote isichafue mayai, kisha mayai yanaletwa nyumbani kifuani kama mtoto mchanga, na nyama inafuata kwenye ndoo. Huo ndio utamaduni wenu na ninauheshimu. Malalamiko yangu ni haya tu:

1. Friji. Tulikubaliana rafu ya chini ni yangu. Jumatatu nilikuta mitungi ya mayai imejipanga humo, na soseji zangu ziko barazani ndani ya boksi la viatu. Ukaniambia, "Nje kuna baridi ya kutosha, hazitaoza." Ni kweli hazikuoza. Rakuni, yule mnyama mdokozi wa usiku, alizila zikiwa nzima kabisa. Mheshimiwa, nashukuru kwa utafiti huo.

2. Karatasi laini za jikoni. Mayai, kama ulivyonielimisha, hayaoshwi kwa maji ya bomba, maana yanakakamaa. Yanapanguswa. Nimekuona ukiukunjua ule utando wa mayai kama kitabu cha dua, ukisukuma damu kwenye vimishipa kwa mgongo wa kijiko, polepole, huku ukinong'ona, "Taratibu, mama, taratibu." Karatasi zote zikaishia hapo. Mimi nilipojikata kidole kwa msumeno na kuomba kipande kimoja, ulinionyesha gazeti la wiki iliyopita.

3. Bafu. Baada ya kulala kwenye chumvi na sukari, mayai yanatakiwa kukaushwa kwenye wavu hadi yanate kidogo, na feni pekee ya nyumba hii iko bafuni. Naelewa. Kwa hiyo mayai yamelala juu ya beseni la kuogea yakipepewa, na mimi naoga uani kwa mpira wa maji, mvua ikinisaidia kusuuza. Jirani yetu Bibi Aune amelalamika kwamba ananiona. Nimemjibu kwamba mimi pia ninamwona.

4. Unga wa kufulia. Ule unga mweupe uitwao boraksi, ambao kwa mama yangu ulifanya mashuka yang'ae, hapa unanyunyiziwa mayai yasiharibike. Duka la mjini halina hata pakiti moja. Wanachama wako wameumaliza. Nguo zangu za kazi sasa zinasimama zenyewe bila mtu ndani. Lakini mayai, nakiri, ni safi sana.

5. Pua. Hapa ndipo nilipoumia. Jumanne nimetoka kazini nimechoka, nafungua mlango wa jikoni nipashe maharage, ukapiga kelele kama nimeingia na moto: "Simama hapo hapo! Unanuka dizeli! Samoni ana pua kuliko mbwa, akisikia dizeli kwenye yai harudi tena!" Nikakuuliza nile wapi. Ukaniambia, "Kula hapo hapo kizingitini, mwanangu, ila pumulia nje." Nimefanya kazi chini ya ardhi na wasimamizi wakali. Hakuna aliyewahi kunipangia upande wa kupumulia.

6. Siri. Kila mtu mjini ana mchanganyiko wake na hamwambii hata mkewe. Wengine wanatia vitunguu saumu, wengine unga wa jeli ya matunda. Siku yako ya kuchanganya ulifunga mlango, ukashusha pazia, ukaniomba nikatembee. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilitembea hadi kwa katibu wako Reino, naye nikamkuta ameshusha pazia. Nikaenda kanisani. Mchungaji hakufungua. Nilisikia kijiko.

7. Mgeni mwenyewe. Hili nimelijua kutoka kwako, wala sikulitunga. Ulisema samoni akishatoka baharini na kuingia mtoni hali kitu. Tumbo lake limefungwa. Anapanda juu kwenda kutaga na kufa. Nikauliza, kwa nini basi anauma chambo? Ukakuna kichwa, ukasema, "Hasira labda. Au mazoea." Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba uliandike hili kwenye kumbukumbu za Chama. Nyumba nzima inapika, inapangusa, inapepea na kutia sukari kwa ajili ya mgeni asiyekula. Kuna mpangaji mmoja anayekula kila siku akipewa, na huyo ndiye anayeambiwa apumulie nje.

Baada ya kulipima jambo hili kwa haki, nimeona kuwadai myaondoe mayai ni ubinafsi. Yametangulia, na yana watu wengi nyuma yao. Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Naomba kuanzia kesho nihesabiwe rasmi kuwa yai.

Sidai kuwa yai la daraja la kwanza. Hata yale yaliyopasuka yatanitosha kama mfano. Nikitoka kazini nipanguswe kwa karatasi laini, na yule anayenipangusa aniambie "taratibu." Nilazwe bafuni mbele ya feni hadi ninate kidogo. Nitiwe sukari, chumvi ninayo ya kutosha kutokana na jasho. Kisha nihifadhiwe mahali pa staha, mbali na dizeli, na mtu aje kunigeuza kila asubuhi kabla hajanywa kahawa yake, kama unavyoigeuza mitungi. Lorene akifika akamkuta mumewe ametunzwa hivyo, hatauliza swali hata moja. Atavua koti.

Na kama Chama kitaona mtu mzima wa kilo tisini hawezi kuwa yai, basi naomba jambo la pili ambalo ni gumu zaidi kwenu. Kwa siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, bafu liwe bafu na friji iwe friji. Mzee, nyumba nyingine sina. Yule mwanamke akipanda basi la kurudi, nitabaki na mbao na maharage.

Wasalimie wanachama wote, Reino pamoja na pazia lake, Mchungaji, na Bibi Aune umwambie kesho naogea upande wa pili. Yasalimie pia mayai ya rafu ya chini, ambayo sasa yanaishi pale zilipokuwa zikiishi soseji zangu.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, ninayepumua kuelekea nje,

Delbert Skaggs

Nyongeza, Jumapili: Mheshimiwa, barua hii sikuwahi kuipitisha chini ya mlango wako, kwa sababu Lorene aliwahi. Alishuka kwenye basi Ijumaa nikiwa kazini, akaja kwa miguu hadi hapa. Niliporudi nilikuta mlango wa jikoni umefungwa, na ndani nasikia sauti yake: "Mzee wangu, sisi kwetu tunakausha mapaja ya nguruwe tangu enzi za babu. Chumvi huwezi kuimwaga yote kwa pupa hivyo. Lete kijiko." Nikasubiri umfukuze. Nikasikia ukisema, "Shika, binti."

Leo alfajiri mmeondoka pamoja kwenda mtoni, amevaa buti zangu. Mchana amerudi na samoni wa urefu wa mguu wake, ameloa hadi kwenye nywele, anacheka kama siku tulipooana. Chumba hajakiangalia. Bafu kalipita tu. Nilipomuuliza kama atapanda basi la kesho, alinitazama kama anayemtazama mtu asiye na akili. "Nirudi kwa mama samaki bado wanapanda? Nitarudi wakiisha."

Nimemuuliza Reino wanaisha lini. Ameniambia hawa wakimaliza wanakuja wale wa majira ya baridi, na wale wakimaliza wanakuja wa majira ya kuchipua, halafu hawa wanaanza tena.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la saba, pamoja na maombi yote mawili. Nakuomba jambo moja tu, Mzee Toivo, na hili silisemi kwa mzaha: nyumba hii isikose mayai hata siku moja.