Keki ya Saa Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe anatimiza miaka sabini Jumamosi. Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, keshajitolea kuoka keki. Kama kawaida yake! Karani wa posta, mikono laini, utadhani kazaliwa jikoni. Mama mkwe humwita "mwanangu". Mimi, seremala, miaka tisa ndani ya familia hii, ananiita "huyu". Huyu keshakula? Huyu mbona kanyamaza? Wivu? Mimi? Basi ndiyo, wivu, tena wa kuchoma roho. Nikasimama mbele ya ukoo mzima, nikatangaza keki ya safari hii ni yangu. Mwanyumba akasema hewala, akanipa mkono. Mnafiki! Njiani mke wangu akaniuliza kama nimewahi kuchemsha hata yai.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa Mwanyumba eti kumkagulia bawaba za mlango. Zote nzima. Nikailegeza moja nipate cha kukaza. Alipotoka kununua sukari ya chai yangu, nikaingia jikoni, nikafungua daftari lake la mapishi, nikanakili kila neno. Mayai sita, unga vikombe vinne, na mwisho kabisa: keki oveni saa mbili. Siri ninayo! Aliporudi akanishukuru kwa bawaba, akanifungashia biskuti alizooka mwenyewe. Nimezimaliza njiani kwa hasira. Tamu, bahati mbaya.

Ijumaa, 7 Juni

Saa mbili kamili keki imekaa motoni. Moshi ulipoanza, nikamwambia mke wangu ndio utamu wenyewe unaingia. Kuitoa, mkaa! Mke wangu akaichukua karatasi yangu, akasoma, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema shemeji yake huiingiza keki saa mbili asubuhi, akishapeleka watoto shule, na saa tatu kasorobo imeshatoka. Saa mbili ya ukutani! Mtu mzima anaandikaje hivyo? Kanitega yule.

Lakini fundi ni fundi. Msumeno, nikaondoa ukoko. Randa, nikasawazisha juu. Msasa pembeni. Kilichobaki kingeenea kwenye kisahani, na katikati shimo. Nikaliziba kwa mkate uliolowekwa maziwa. Keki ikalala upande. Nikaitia ubao tumboni, ikasimama wima, nikaipaka krimu nyeupe kilo nzima. Bibi harusi! Mke wangu amekataa kutoa maoni.

Jumamosi, 8 Juni

Wote wameisifu. Mwanyumba kaipiga picha. Mama mkwe akashika kisu, akakata. Ko! Akakata tena. Ko! Mwanyumba, kiherehere, akapaza sauti kwamba mna zawadi ndani, akauchomoa ubao, akaufuta krimu. Mama mkwe akaugeuzageuza, akapapasa kingo. Akasema tangu aolewe hajapata kibao laini hivi cha kukatia vitunguu. Kisha akanitazama, akasema ahsante, mwanangu. Mimi! Mbele za watu! Machozi yalinilenga, nikasingizia krimu. Keki yenyewe haikuliwa. Watoto wamesema ina vumbi la mbao. Uzushi, ni kidogo tu.

Mke wangu anasema nikamshukuru Mwanyumba. Nimshukuru kwa lipi? Kudandia sifa zangu?

Jumapili, 9 Juni

Ujumbe kutoka kwa mama mkwe. Anataka kabati la vyombo, na atakayelitengeneza ni mimi, mwanawe. Nikarukaruka sebuleni. Kisha nikasoma mwisho: rangi apake Mwanyumba, maana yeye ana jicho la rangi. Jicho la rangi! Nimejibu papo hapo kwamba kupaka pia ni kazi yangu, nina uzoefu wa miaka mingi. Sijawahi kufungua hata kopo la rangi. Kazi zangu zote huondoka na vanishi. Mke wangu kauliza nitapaka rangi gani. Nimemwambia ile ile ambayo Mwanyumba angechagua, ila yangu itakolea zaidi.