Maombi ya Kurudishiwa Mtoto Anayeng'ata

Kwa Mwalimu Deolinda,
Darasa la Watoto Wadogo, Caazapá, Paraguay.

Mwalimu mheshimiwa,

Mimi ni Eligio Benítez, baba wa Nimia, yule wa miaka minne asiyesema. Ninajenga maghorofa huku Buenos Aires. Shule niliacha mapema, kwa hiyo nitasema wazi: umeniharibia mtoto. Nilikuachia anayeng'ata, umenirudishia mwenye maoni. Naomba uzichukue zile kadi za picha ulizompa azungumzie, mambo yarudi yalivyokuwa. Sababu ni hizi.

1. Nimia alipokuwa aking'ata, tuliheshimiwa. Dukani tulipishwa foleni. Mama mkwe wangu, Bibi Eulogia, anayekaa na Nimia na aliyeng'atwa kuliko wote, alikuwa akiwaonyesha wageni alama za meno na kupewa pole na mayai. Sasa Nimia anainua picha ya sikio lililokatwa mstari, na kumbe siku zote alikuwa anasema redio ya bibi inamuumiza masikio! Redio imezimwa, kung'ata kumekwisha, na bibi ananiuliza, "Mkwe, sasa mimi nitalalamikia nini?"

2. Kadi nyekundu ya "Imetosha". Mwalimu, silaha kama hiyo mtoto hapewi. Aliiinua kanisani katikati ya mahubiri. Padri Rufino akakohoa, akarukia amina. Sasa waumini wanagombania benchi la Nimia, na wengine wanamnong'oneza, "Mwanangu, bado tu? Inua basi!" Baba yake wa ubatizo naye alikuja kusifia pikipiki yake mpya. Hakufika hata kwenye magurudumu.

3. Hili ndilo linaloniuma. Zamani nikipiga simu Jumapili, aliirusha ukutani. Nilisema, "Ana hasira za babu yake," nikalala vizuri. Sasa anaweka picha yangu mbele ya simu, halafu picha ya nyumba, halafu anangoja. Mwalimu, unajua mtoto anavyoweza kungoja? Nikaeleza: ghorofa halijafika paa, msimamizi mkali, Krismasi labda, Pasaka bila shaka. Akainua ile nyekundu. Kwangu mimi, baba yake! Wenzangu chumbani walicheka hadi Fermín akamwaga kikombe cha chai baridi ya tereré kitandani. "Eligio, hata padri aliachiwa nafasi kukuzidi!"

Uliniambia kung'ata ndiyo yaliyokuwa maneno yake. Sawa. Lakini maneno yale yalimhusu bibi, si mimi.

4. Kwa hiyo umwachie kadi tatu tu: maji, mkate wa chipa, na "Baba ana sababu". Hiyo ya mwisho ichore wewe. Mimi nimejaribu, haifanani na kitu.

Wasalimie watoto wote, mpishi wa shule na Padri Rufino. Ukimwona Bibi Eulogia, mwambie alalamikie mvua.

Wako mwenye heshima nyingi na mgongo unaouma,
Eligio Benítez

Tanbihi: Jana nililipiga teke karai la zege, likatapakaa sakafu nzima. Msimamizi akauliza, "We Eligio, una nini?" Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akanitazama, akasema, "Wewe unataka kwenda kwenu." Nikalia mbele ya watu, kofia ya ujenzi kichwani. Amenipa ruhusa, nafika Alhamisi. Kadi za Nimia usiguse hata moja, na kama kuna kiti nyuma ya darasa, niwekee.