Flashi Ndani ya Mshumaa

Jumatatu, 2 Juni
Binti yangu Jovelyn amepiga simu kutoka Taiwani anakotunza wazee. Hatapata ruhusa ya kuja tarehe ishirini, siku tutakayomaliza mwaka wa msiba wa mama yake, Purita. Anaomba ile flashi yenye Purita akiimba karaoke sebuleni kwetu. Angalau asikie sauti yake. Nimeahidi itafika. Kisha nimeisikiliza, kuhakikisha tu kwamba ni nzima. Mara tatu.

Jumanne, 3 Juni
Ofisi ya vifurushi. Dada wa kaunta anasema ni jambo dogo: nitoe nakala kwanza, flashi niibane kati ya vipande viwili vya kadibodi, niigandishe kwa utepe, niitie kwenye bahasha yenye vipovu vya hewa. Nimeshukuru, nimeondoka. Mwizi akiipapasa bahasha ile si atajua papo hapo? Mimi si mtoto!

Na nakala sitoi. Mwenye kompyuta mtaani ni jirani yangu Dolo, ambaye mpaka leo anadai mashine ya karaoke ilimpendelea Purita kwa alama. Huyo hamsikii mke wangu tena.

Alhamisi, 5 Juni
Samaki mkavu! Nimempasua tumbo, nimetia flashi, nimeshona kwa uzi wa Purita wa kushonea vifungo. Kazi safi. Nimegeuka kutafuta mkasi, paka wa Dolo kaondoka na mzigo. Nimemfukuza hadi zizi la nguruwe, kandambili mguu mmoja. Dolo, anayeniita Nong, yaani kaka mkubwa, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Nong Pulo, siku hizi unagombea kitoweo na paka?"

Flashi nimeipata. Samaki, hapana. Nimekula wali mtupu. Bado natoa sahani mbili kabatini, kisha moja nairudisha.

Jumamosi, 7 Juni
Akili hizi! Nimeyeyusha mishumaa, nikaacha nta ipoe kidogo, nikaizamisha flashi ikiwa imefungwa kwenye plastiki. Umetoka mshumaa mnene, mweupe, wa heshima. Mwizi gani atautaka? Nimeutuma.

Jovelyn sikumweleza siri kwenye simu. Dolo hashindi mbali na dirisha lake. Nimesema tu: mzigo unakuja, utauelewa mwenyewe. Nyumba imekuwa kimya sana. Nimewasha redio, nikaizima.

Ijumaa, 20 Juni
Sala ya mwaka imekwisha. Nimevua nguo nyeusi, nimevaa shati la bluu alilonichagulia Purita. Dolo kaleta tambi za kukaanga, amekula nyingi kuliko alizoleta. Wageni wangali mezani, Jovelyn akapiga simu. Ananiita Tay, yaani baba, na kunishukuru. Mshumaa ulifika jana, mzuri sana, Tay. Asubuhi ameuwasha mbele ya picha ya mama.

Ameuwasha!

Nimepiga kelele hadi watu wakaacha kutafuna: "Zima! Mama yako yumo humo ndani!"

Jovelyn akauliza: "Tay, umekunywa?"

Jumapili, 22 Juni
Fundi wa huko ameifungua flashi. Nusu imeyeyuka. Nyimbo zote zimekwenda. Kimebaki kipande kifupi, Jovelyn amenichezea kwenye simu. Purita haimbi hata. Anacheka, anasema: "Pulo, unahangaika na nini tena huko? Njoo ukae."

Basi. Tumerudia na kurudia, Jovelyn kule, mimi huku, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

Mwishowe kasema amekwisha kutoa nakala, na ataituma kwenye simu yangu sasa hivi. Nimekataa katakata. Kitu kikishapita hewani, Dolo naye anacho! Nimemwagiza aitie nakala kwenye flashi nyingine, aifiche ndani ya kipande cha sabuni, akichanganye na sabuni nyingine boksi zima, na asimwambie mtu ni kipi. Hata mimi asiniambie. Nitakijua nikioga.