Kanuni ya Picha ya Saluni

Waraka Namba Moja wa Kamati ya Uchumba wa Heshima ulibandikwa ndani ya lifti ya jengo la wahamiaji la Greyville, mahali pazuri pa kusomea, maana lifti ile haijapanda wala kushuka tangu mwaka juzi. Wakazi wote walitangaziwa kwamba kuanzia sasa, mwanamume anayempenda mwanamke wa jengo hilo atampenda kama kwenye picha.

Picha yenyewe ilining'inia chini, saluni kwa Maman Marie-Louise: wazungu wa zamani bustanini, mwanamke mwenye gauni pana kama hema la harusi, na mbele yake kijana wa soksi za hariri amepiga goti, waridi mkononi. Juu ya pembe moja ya picha ilibandikwa karatasi ya bei za kusuka.

Kanuni aliitunga mwenyekiti, Papa Baudouin, akaipitisha mwenyewe, akajipongeza kwa niaba ya wajumbe. Nia yake ilikuwa safi. Alikuwa amefiwa na mke, sasa alimtaka Marie-Louise, na kwa miezi minne alikuwa akipiga suti pasi ili apite saluni kuuliza kama umeme upo. Tatizo lilikuwa Deusdedit, Mtanzania, dereva wa lori bandarini, aliyemchekesha mama huyo mpaka akaacha vichwa vya wateja vimesukwa nusu nusu. Dereva atapata wapi soksi za hariri?

"Shikamoo, Papa," Deusdedit alimwamkia kila walipokutana ngazini.

Baudouin hakuitikia hata siku moja. Huko ni kumwongezea mtu miaka bila idhini yake.

Jumamosi mchana kikao kikafanyika saluni. Mwenyekiti aliingia na soksi nyeupe za mpira wa miguu, zimevutwa mpaka magotini, na waridi mkononi. Akapiga goti, nalo likalia kama mlango mkavu. Katibu Ezéchiel akaandika: goti limepigwa.

"Ngoja kwanza, Président," akasema Marie-Louise. "Kanuni inasema yote ikuwe sawa na picha?"

"Yote, maman. Bila kupunguza."

"Sharp, sawa basi."

Akabandua ile karatasi ya bei. Chini yake, kivulini, kulikuwa na mzee wa nywele nyeupe, kwapani kijibwa cha yule mwanamke, mkononi mwavuli wake, macho kayapeleka kwingine.

"Eish!" wakasema wateja.

"Huyu papa iko hapa siku zote," akasema Marie-Louise. "Sasa nani atashika mwavuli?"

"Ibara ya tatu," Ezéchiel akasoma. "Nafasi zitagawiwa kwa umri, mkubwa apewe ya mkubwa. Uliandika wewe mwenyewe, Papa."

Baudouin alijiinua kwa kushikilia kiti cha kukaushia nywele. "Hapa hakuna muzee! Mimi na huyu dereva tuko rika moja."

Deusdedit alikuwa amesimama mlangoni na nguo za kazi. Akavua kofia, akainama taratibu.

"Shikamoo, Papa."

Mashine ya kukaushia ikazimwa. Baudouin akatazama wateja kumi na mmoja, akamtazama katibu na daftari lake. Heshima ilikuwa imeletwa hadharani, mbele ya kamati. Mwenyekiti anayekataa heshima ni mwenyekiti wa nini?

"Marahaba," akasema.

Ezéchiel akaandika.

Marie-Louise akalitwaa waridi kwa adabu kutoka mkono wa mwenyekiti, akalipeleka mlangoni kwa Deusdedit, aje kulileta yeye.

"Mwavuli uko nyuma ya kabati, Président."